Kinu, Kapi na Unga: Historia ya Chakula cha Asili kwa Ushahidi wa Maneno

Neno asili limekuwa na kazi nyingi siku hizi katika mazungumzo ya afya. Mgonjwa wa kisukari aendapo hospitali huambiwa avirudie vyakula vya asili, na magazeti nayo huandika kwamba magonjwa sugu yametuzidi kwa sababu vyakula hivyo tumeviacha. Maneno haya yana ukweli ndani yake. Walakini mtu wa lugha akiyasikia hana budi kuuliza: asili ipi, na ya lini? Maana mgonjwa yule arudipo nyumbani huletewa ugali mweupe wa sembe, akala akiamini kwa moyo safi kwamba ametii, kwa kuwa ugali ndio chakula alichokikuta kwa babu yake. Daktari amesema neno moja, na mgonjwa amesikia jingine, na baina yao mna maisha ya mtu.

Makala haya yakusudia kulitazama jambo hilo kwa njia ya historia na ya maneno. Hoja yake ni kwamba kilichobadilika katika chakula chetu si nafaka peke yake, bali zaidi ni kazi iliyokuwa ikifanywa juu ya nafaka kabla ya kufika chunguni. Na kwamba Kiswahili kilikuwa na msamiati mpana wa kazi hiyo, ambao sasa unazama polepole.

Tuanze na nafaka zenyewe. Mtama, uwele na ulezi, ambao Kenya na Uganda wengi huuita wimbi, ni mimea ya Afrika. Mzizi wa neno uwele wapatikana katika lugha nyingi za Kibantu, na Malcolm Guthrie, katika kazi yake kubwa ya kuzilinganisha lugha hizo iliyotoka baina ya 1967 na 1971, aliuweka miongoni mwa mizizi ya kale kwa umbo la *-bèdé. Sauti b ya kale ililainika katika Kiswahili ikawa w, na d ikawa l. Kwa hiyo umbo tulilo nalo leo ndilo lile ambalo kanuni za sauti zingetufanya tulitazamie. Kunde nayo ina mzizi wa namna hiyo. Hayo ni maneno ya nyumbani, wala hayakuletwa na jahazi.

Ushahidi wa wasafiri wakubaliana na ule wa maneno. Al-Masudi, ambaye safari yake ya mwisho ya kuja pwani hii ilikuwa mwaka 916, aliandika kwamba chakula cha watu wa Zanj kilikuwa nafaka ambayo Waarabu huiita dhura, pamoja na mzizi uchimbwao ardhini alioutaja kwa jina la kalari. Akataja pia ndizi, nazi, asali na nyama. Ushahidi wa tatu watoka ardhini. Mtaalamu Sarah Walshaw alichunguza punje na mabaki ya mimea yaliyoungua katika miji ya kale ya Pemba, akachapisha matokeo yake mwaka 2010. Katika Tumbe, mji uliostawi baina ya karne ya 7 na ya 10, nafaka iliyotawala ilikuwa uwele. Katika Chwaka, mji uliofuata kuanzia karne ya 11, mpunga ndio ulioshika nafasi kubwa. Basi wali, ambao leo hakuna karamu ya pwani pasipo kuwamo, uliupindua uwele zamani sana, wakati ule ule miji ilipokuwa ikikua, misikiti ya mawe ikijengwa, na mtu kujulikana kwa kile anachomwandalia mgeni.

Ibn Battuta alitukuta katika hali hiyo mwaka 1331. Huko Mogadishu aliletewa wali uliopikwa kwa samli, uliotiwa katika sahani kubwa ya mti, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, ambacho alikitaja kwa jina la kushan. Palikuwapo pia ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi na maembe. Kisha akaongeza jambo ambalo wanaousifu ulaji wa zamani hawapendi kulikumbuka. Alisema kwamba mtu mmoja wa mji ule hula kiasi cha kundi zima la watu wa kwao, na kwamba wenyeji walikuwa wanene kupita kiasi. Alipofika Mombasa aliona mambo mengine: wenyeji hawalimi nafaka bali huletewa kutoka pwani ya bara, na chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Unene hakuutaja huko.

Yafaa tulishike jambo hili. Karne saba zilizopita, kabla ya kinu cha moto na kabla ya sukari ya dukani, pwani yetu ilikuwa na ulaji wa aina mbili. Mmoja ulikuwa wa meza ya tajiri, wa mchele mweupe na samli. Wa pili ulikuwa wa mvuvi na mkulima. Aina zote mbili ni za asili kwa umri. Atakayemwambia mgonjwa arudie asili bila kumwambia ni meza ipi, amemwacha njia panda.

Kisha yakaja mazao ya Marekani kwa merikebu za Wareno. Neno mahindi lenyewe lakiri kwamba mmea huu ni mgeni, ingawa lakosea kuhusu alikotoka mgeni huyo: mtu wa pwani aliita kitu cha Kihindi kile kilichomjia kutoka baharini, kama vile Waitaliano walivyoyaita mahindi hayo hayo granoturco, yaani nafaka ya Kituruki. Muhogo na maharage nayo yalitoka huko huko. Kwa hiyo sahani ya ugali wa mahindi na maharage, ambayo kijana wa leo angeiita chakula cha asili bila kusita, haina kitu hata kimoja kilichokuwapo hapa kabla ya karne ya 16. Sisemi hivyo kwa kuidharau. Chakula cha miaka mia nne kina haki ya uenyeji, ila historia yake si ile tunayoidhania.

Mahindi hayakuenea upesi. Kwa muda mrefu yalikuwa yakiliwa mabichi, ya kuchoma au ya kuchemsha, au yakichanganywa na kunde kuwa pure na makande, na mtama ukabaki ndio nguzo ya ghala. Kilichoyapandisha hadhi ni kazi ya ujira, na hapa neno posho latufaa sana. Katika misafara ya karne ya 19 posho ilikuwa haki ya mpagazi ya kila siku, kwa kawaida kibaba kimoja cha nafaka, ya aina yoyote iliyopatikana njiani. Utawala wa kikoloni ulipokuja na mashamba makubwa na reli, posho ikawa unga wa mahindi, kwa kuwa ulipatikana kwa wingi, ulikuwa rahisi, na ulipimika kwa gunia. Katika Vita Kuu ya Kwanza wapagazi wa Kariakoo, jina litokanalo na matamshi yetu ya jina la kikosi chao kwa Kiingereza, walilishwa unga huo, mara nyingi bila nafasi ya kuupika ukaiva. Na inajulikana kwamba waliokufa kwa maradhi, kuhara damu kukiwamo, walikuwa wengi mno kuliko waliouawa kwa risasi. Leo Uganda neno posho halina tena maana ya haki ya mfanyakazi. Ni jina la ugali wenyewe, nao watoto wa shule waula bila kujua kwamba wanataja mkataba wa kazi wa babu zao.

Sasa tufike penye kiini, nacho ni kinu. Msomaji na auangalie utajiri wa maneno ya Kiswahili kuhusu nafaka baada ya kuvunwa. Mmea na punje zenye maganda ni mpunga. Ukishatwangwa ni mchele. Ukishapikwa ni wali. Lugha nyingi za Ulaya zina neno moja tu kwa hali zote tatu. Kati ya mpunga na wali pana kazi nyingi: kutwanga, kupepeta kwa ungo, kupwaga, yaani kutwanga mara ya pili ili kuusafisha mchele, kuchagua. Kila kazi huacha mabaki yenye jina lake. Maganda magumu ya mpunga ni kumvi. Ngozi laini itokayo punje zinapokobolewa ni wishwa au pumba, hutegemea mahali na nafaka. Punje zilizovunjika ni chenga. Zile zilizoponyoka mchi zikabaki na maganda yake ni chuya. Yote kwa jumla ni makapi. Mwenye kinu alijua kila kimoja kinakokwenda: kumvi motoni au shimoni, wishwa kwa kuku, chenga kwenye uji wa watoto.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kinu cha mti kilitoa unga usiokobolewa. La. Wanawake wa pwani na wa bara waliyakoboa mahindi kwa mchi, wakayaloweka, wakayatwanga tena, na unga uliopatikana ulikuwa mweupe, tena ulipendwa kwa weupe wake. Tofauti ilikuwa katika kipimo. Kukoboa kwa mikono ni kazi nzito. Hakuna aliyeifanya kila siku kwa ukamilifu, na katika miezi ya kilimo nafaka ilisagwa kama ilivyo juu ya jiwe. Mtama na ulezi, ambazo punje zake ni ndogo, zilisagwa mara nyingi na ngozi yake. Mashine iliuondoa mpaka huo uliowekwa na uchovu. Iliweza kukoboa kwa dakika chache kile ambacho mikono miwili ilikifanya kwa asubuhi nzima, na kwa usafi ambao mchi haukuufikia kamwe. Pamoja na ngozi ya punje huondoka na kiini chake, chenye mafuta, vitamini na madini. Mfanyabiashara ana sababu nzuri ya kukitaka kitoke: mafuta ya kiini huchacha, na unga wenye kiini haukai ghalani. Sembe husafiri, dona hukaa karibu na nyumbani.

Mgawanyo wa sembe na dona ulipata uzito mpya katika Tanzania ulipokuja wakati wa viwanda vya umma vya kusaga unga, na watu wa mijini wakazoea unga wa mfuko. Wakati wa uhaba wa miaka ya 1970 yaliletwa mahindi ya manjano kutoka nje, na wenyeji wakayaita yanga kwa rangi ya klabu ya mpira. Kwa thamani ya chakula mahindi ya manjano hayana kasoro, tena yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, nacho hakimo katika meupe. Lakini yalikumbukwa kama chakula cha dhiki, na weupe ukazidi kuwa alama ya neema.

Madaktari walianza kuliona jambo hili mapema katika Afrika ya Mashariki. Hubert Trowell na Denis Burkitt, ambao wote wawili walifanya kazi Mulago, Kampala, waliona kwamba magonjwa yaliyojaza wodi za Ulaya yalikuwa adimu kwa wenyeji waliowatibu, wakaihusisha tofauti hiyo na makapi ya chakula. Walieleza fikra zao katika vitabu vya mwaka 1975 na 1981. Waliotangulia kuwapinga walikuwa na haki ya kusema kwamba wenyeji wale walitofautiana na Wazungu kwa mambo mengi zaidi ya makapi: walitembea, walilima, na wengi hawakufikia umri ambao magonjwa hayo hujitokeza. Hata hivyo uchunguzi mkubwa wa Reynolds na wenzake uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, umeonyesha kwamba walao nafaka zisizokobolewa na vyakula vyenye makapi kwa wingi hupatwa kwa uchache zaidi na kisukari, maradhi ya moyo na saratani ya utumbo mpana. Ukadirio wao wa kiasi chenye manufaa ni gramu 25 hadi 29 za makapi kwa siku.

Kwa upande wetu tarakimu zinatisha. Utafiti wa McLarty na wenzake wa mwaka 1989, uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania, ulikuta kisukari kwa karibu mtu mmoja katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Vipimo na umri havikuwa sawasawa, na mmoja ulikuwa wa vijijini peke yake. Kwa hiyo si halali kutoa moja katika tisa na kusema nane imeletwa na sembe. Lakini hakuna hesabu ya kuifanya tofauti hiyo isiwepo.

Ushahidi ulio karibu zaidi na nyumbani watoka Kilimanjaro. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi na wa Uholanzi walitoa matokeo ya jaribio la wanaume 77 wenye afya njema. Waliozoea ulaji wa kijijini walipewa kwa wiki mbili vyakula vya mtindo wa kizungu, vilivyosindikwa na kukaangwa. Waliozoea vya mjini wakapewa vyakula vya mlimani, kama vile kiburu cha ndizi na maharage, mboga za majani na nafaka. Wengine wakanywa mbege, ambayo huchachushwa kutoka ndizi na ulezi. Damu ya waliohamia ulaji wa kizungu ilionyesha dalili za mwako wa ndani ambao huhusishwa na magonjwa sugu, na damu ya waliohamia ulaji wa mlimani, na ya wanywaji wa mbege, ilielekea upande wa pili. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa yangalipo wiki nne baadaye. Jaribio hili ni dogo, la wanaume tu, nalo lilipima dalili, si ugonjwa. Hata hivyo vyakula vilivyopimwa ni mapishi kamili yenye majina yake, na kwa msomaji wa jarida hili hilo si jambo dogo.

Ni haki kuweka mizani upande wa pili. Orr na Gilks, katika ripoti yao ya mwaka 1931 juu ya Wakikuyu na Wamasai, walikuta kwamba Wakikuyu, waliokula nafaka na viazi kwa wingi na maziwa kwa uchache, walikuwa wafupi na wepesi kuliko Wamasai wa maziwa, nyama na damu, tena wakisumbuliwa na upungufu wa baadhi ya virutubisho. Ulaji ulio mzuri kwa mzee mwenye kisukari waweza kumpungukia mtoto anayekua. Pia makapi si salama daima. Nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu huota kuvu, na sumu yake, ambayo wataalamu wameipa jina zuri la sumukuvu, hukaa kwa wingi katika ngozi na kiini cha punje. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na kwa anayeila kidogo kidogo miaka mingi huleta saratani ya ini. Mama aliyeyakoboa mahindi ya mwaka mbaya hakuwa mjinga.

Mfano wa muhogo ndio unaoikaza hoja yangu. Muhogo mchungu una sumu ambayo huondolewa kwa kuuloweka, kuuvundika na kuuanika. Ndipo tupatapo makopa, na katika sehemu za magharibi udaga. Mwaka 1985, katika ukame wa Tarime, watu wenye njaa waliufupisha mwendo huo wa siku kadhaa, na wengi, hasa wanawake na watoto, wakapooza miguu ghafla wasipone tena. Ugonjwa huo huitwa konzo, neno la Kiyaka cha Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Mmea ulikuwa ule ule na shamba lile lile. Kilichokosekana ni siku chache za kazi ambayo ina vitenzi vyake katika kila lugha ya walimaji wa muhogo.

Nirudi kwa mgonjwa wetu. Vitabu vya afya humwambia ale nyuzinyuzi. Neno hili limeundwa kwa kutafsiri, nalo lampelekea mawazo ya uzi na kitambaa. Mkulima wa makamo akiulizwa nyuzinyuzi za mahindi ziko wapi, huenda akaonyesha zile ndevu za gunzi. Ilhali anayo tayari maneno wishwa, pumba na makapi, na anajua kwa mikono yake zatoka sehemu gani ya punje. Kwa nini wataalamu hawakuyatumia? Kwa maoni yangu si kwa kusahau. Makapi katika Kiswahili ni kitu cha kutupwa. Hata watu wasiothaminiwa huitwa makapi, na pumba ni maneno yasiyo na maana. Ni vigumu kumwandikia mtu cheti kwamba ale makapi. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilikuta mkate mweusi wa ngano isiyokobolewa ukiuzwa kwa bei ya juu kuliko mweupe, ambapo karne mbili kabla yake ulikuwa mkate wa maskini. Lakini hadhi yake ilipanda kwa jina la nafaka nzima, si kwa jina la ganda.

Kwetu jina la namna hiyo lipo, nalo ni dona. Halina harufu ya jalala, halihitaji fasili, na kila mwenye duka la unga alijua. Muuguzi akisema "ugali wa dona, au wa mtama usiokobolewa, na kunde, na mchicha," amesema jambo ambalo haliwezi kueleweka vingine. Ama kwa watunga kamusi, ombi langu ni kwamba wasiridhike kuandika mbele ya wishwa, pumba na kumvi kwamba ni maganda ya nafaka, kana kwamba yote matatu ni kitu kimoja. Waandike ni ganda lipi, la nafaka gani, hutoka katika hatua ipi ya kazi, na hutumiwaje. Na wayaandike wakati wanawake waliowahi kushika mchi wangalipo wa kuulizwa, maana mahali pengi mashine ya kukoboa huvitoa vyote kwa mdomo mmoja, na kijana anayeikinga gunia huviita pumba.